Kukagua bonde la msimu kabla ya kuingiza mifugo: udongo, nyasi na malisho mpakani mwa Busia na Tororo

Ukipita barabara ya Malaba kwenda Busia upande wa Kenya, ile inayopitia Adungosi na Alupe, au ukitoka Tororo kuelekea Mulanda upande wa Uganda, utaona ardhi inapanda na kushuka polepole. Juu kuna nyumba, mihogo, mtama na mahindi. Chini, kila baada ya kilima kidogo, kuna ukanda wa nyasi usio na nyumba hata moja. Mwezi wa Mei ukanda huo una maji ya kufika magotini. Mwezi wa Januari umekauka, na ng'ombe wa kijiji kizima wamo humo.

Watu wengi, wenyeji na wageni, huuita ukanda huo ardhi ya bure. Mkimbizi aliyepata ng'ombe wake wa kwanza huambiwa, "Mpeleke bondeni, kule hakuna mwenyewe." Maneno hayo yameanzisha ugomvi mwingi. Bonde linaweza kuwa na wenye haki hata kama halina uzio, na linaweza kuwa na nyasi nyingi za kutazama huku za kuliwa zikiwa chache. Makala hii inaeleza namna ya kulikagua wewe mwenyewe, kwa jembe, kamba, gunia na mizani ya sokoni, kabla hujaingiza mnyama au kukubaliana na majirani. Mifano ni ya Busia na Tororo, lakini aliye Kiryandongo au makazi mengine yenye mabonde ya aina hii anaweza kuitumia vilevile. Wakenya waliokimbia ghasia za uchaguzi mwaka 2008 walipokewa kwanza katika kituo cha Mulanda, Tororo, kisha wengi wakahamishiwa Kiryandongo, kwa hiyo wako wasomaji wanaozijua pande zote mbili.

Bonde la aina gani?

Tunazungumzia ardhi ya chini inayopokea maji ya mvua kutoka miinuko ya pande zote, ikajaa kwa miezi kadhaa, kisha ikakauka. Mara nyingi haina mto unaoonekana. Maji hupita taratibu katikati ya nyasi, kama yanayopita kwenye sifongo. Zambia na Malawi huitwa dambo. Kwa Kiswahili neno la zamani ni mbuga, ingawa leo ukilitaja watu hufikiria simba na watalii. Wataalamu wa udongo wa Tanganyika walilichukua neno hilo na kuliandika katika ripoti zao kwa maana ya bonde la udongo mweusi wa mfinyanzi, na bado linapatikana katika vitabu vya udongo.

Eneo la mpakani lina jambo la pekee. Mto Sio na vijito vyake humwaga maji Ziwa Victoria. Mto Malaba unaelekea upande mwingine, unaingia Mpologoma na kufika Ziwa Kyoga. Kwa hiyo vijito viwili vilivyo karibu vinaweza kwenda maziwa mawili tofauti, ingawa maji hayo yote hukutana tena katika Nile. Hili lina maana kwa mfugaji. Mabonde ya karibu na mdomo wa Sio, pamoja na ardhi oevu ya Sio-Siteko ambayo Kenya na Uganda zinaigawana, hupata maji ya mvua na pia ya ziwa linapopanda. Mei 2020 Ziwa Victoria lilifikia kiwango kilichozidi kidogo kile cha 1964, na sehemu zilizokuwa malisho kwa miaka zikawa maji. Mabonde ya juu, yale ya Malaba na vijito vidogo vya Tororo, hutegemea zaidi mvua na maji yanayochuruzika kutoka miinukoni. Waulize wazee wa mahali hapo maji yalifika wapi mwaka ule na yalikaa muda gani. Jibu lao lina thamani kuliko ramani.

Mvua kubwa huku ni Machi hadi Mei, na za pili huanza Agosti au Septemba hadi Novemba. Kiangazi kinachouma ni Desemba hadi Februari, mara nyingine hadi katikati ya Machi. Bonde linakaguliwa mara mbili: mara moja mwishoni mwa mvua, ili uone maji yanafika wapi, na mara moja mwanzoni mwa Desemba, ili upime nyasi. Ukikosa nafasi ya mara mbili, chagua Desemba.

Kwanza tembea kutoka juu kwenda chini

Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanganyika, aliona kwamba udongo wa Afrika Mashariki hubadilika kwa mpangilio uleule kutoka kileleni hadi bondeni, na mpangilio huo hujirudia kilima baada ya kilima. Aliuita katena, yaani mnyororo. Mkulima wa Samia au Teso alikuwa akilijua jambo hilo kwa jembe lake. Faida kwako ni kwamba huhitaji kuchimba kila mahali. Chora mstari mmoja kutoka shambani hadi katikati ya bonde, uchimbe mashimo manne au matano juu ya mstari huo, kila moja la kina cha mkono mzima. Baada ya hapo unaweza kukisia sehemu kubwa iliyobaki.

Juu utakuta udongo mwekundu au wa kahawia. Ukiteremka rangi inafifia kuwa ya manjano. Mara nyingi, kabla tu ya kufika bondeni, jembe hugonga maramu, ile changarawe nyekundu ngumu inayotumika kutengenezea barabara. Hapo maji yanayoshuka chini ya ardhi hushindwa kupita na kutokea nje. Ndiyo maana ukingo wa bonde huwa na chemchemi ndogo na visima vifupi, na nyasi zake hubaki kijani hata Februari. Chini ya ukingo huo, hasa ambako miamba ya juu ni ya matale, utakuta mchanga mweupe au wa kijivu uliooshwa rutuba yote. Kisha katikati kabisa, mfinyanzi mzito wa kijivu au mweusi.

Ona basi kwamba bonde moja lina sehemu tatu: ukingo wenye maji ya kuchuruzika, ukanda wa mchanga, na sakafu ya mfinyanzi. Kila moja ina nyasi zake na wakati wake. Anayesema "bonde letu ni ekari 20" bila kuzitenganisha sehemu hizo bado hajajua alichonacho.

Kusoma shimo

Tazama rangi kwanza. Udongo wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu unakuambia kwamba maji hupanda na kushuka hapo. Chuma kilichomo udongoni hupauka kinapozama na hushika kutu hewa inaporudi. Pima kutoka juu ya shimo hadi pale madoa yanapoanza, maana hicho ndicho kimo ambacho maji hufikia katika mwaka wa kawaida. Madoa yakianza kwenye kina cha kiganja, mahali hapo pamejaa maji kwa miezi mingi na kwato zitazama. Yakianza kwenye kina cha kiwiko, unaweza kulisha mapema zaidi. Udongo wa kijivu-buluu usio na madoa yoyote, unaonuka kama yai lililooza, haukauki mwaka mzima. Hapo si malisho.

Pili, shika. Lowesha donge la ukubwa wa yai, likande, kisha lisukume kati ya kidole gumba na cha shahada litoke kama utepe. Lisipotoa utepe kabisa ni mchanga. Utepe ukikatika kabla ya sentimita 2.5, kuna mchanga mwingi na mfinyanzi kidogo. Ukifika kati ya hapo na sentimita 5, mfinyanzi ni wa wastani. Ukizidi sentimita 5 ni mfinyanzi hasa. Mfinyanzi mweusi unaopasuka nyufa pana wakati wa kiangazi una rutuba nzuri lakini ni mgumu kufanyiwa kazi: ukilowa hunata, ukikauka huwa jiwe. Ukikuta ndani yake vipande vidogo vyeupe vinavyofanana na chokaa, hiyo ni dalili njema, maana udongo huo una kalsiamu na si mchachu. Mchanga mweupe wa ukandani ni kinyume chake, na nyasi zake, hata zikiwa ndefu, hazinenepeshi.

Ardhi ya karibu na vilima vya Osukuru, kusini ya mji wa Tororo, ni ya namna yake. Vilima hivyo ni mabaki ya volkano ya kale yenye chokaa na fosfeti, na udongo wa mabonde kati ya vilima umebeba fosfeti hiyo. Fosfeti ndiyo hupungua katika malisho mengi ya Afrika Mashariki, kiasi kwamba ng'ombe hutafuna mifupa. Mtu aliye huko asilinganishe bonde lake na la Busia lililozungukwa na matale.

Tatu, angalia kama kuna mboji nene nyeusi yenye nyuzi za mimea, nyepesi ikikauka, inayoweza hata kuwaka moto. Hutokea chini ya mafunjo, mahali ambapo maji hayaondoki. Iache kama ilivyo. Ukichimba mtaro kuikausha, itanywea na kushuka mwaka hadi mwaka, na moto ukiingia utafukuta chini kwa chini.

Anayetaka vipimo vya maabara anaweza kupeleka sampuli Kawanda kwa upande wa Uganda, na kwa upande wa Kenya aanzie kituo cha KALRO Alupe. Kwa malisho ya kijiji, kwa maoni yetu, shimo na utepe vinatosha. Fedha ya maabara ina kazi zaidi kwa anayetaka kupanda nyasi au mpunga.

Kichuguu hakidanganyi

Kabla ya kuhesabu nyasi, inua macho. Vichuguu vikubwa vya mchwa havidumu mahali panapozama kwa muda mrefu. Mstari wa vichuguu vya mwisho kuelekea bondeni ndio mpaka wa maji ya kawaida, na mara nyingi unaonekana waziwazi kutoka mbali. Nyasi zinazoota juu yake huliwa hadi mizizi kwa sababu ni tamu. Miti nayo inasema kitu. Mikindu na mafunjo huonyesha maji ya kudumu. Migunga kwenye udongo mweusi huonyesha sakafu inayokauka vizuri. Kichaka cha miiba ambacho majani yake hujikunja ukiyagusa, Mimosa pigra, kikianza kuenea kutoka mtoni, kiondoe kikiwa bado kidogo. Kikishafunga, ng'ombe hapiti na panga halifui dafu.

Kuhesabu nyasi kwa hatua 100

Njia hii haihitaji kifaa. Tembea hatua 100 kufuata mstari ndani ya sehemu moja ya bonde. Kila unapoweka mguu wa kulia na wa kushoto, tazama mmea ulioguswa na ncha ya kidole kikubwa au kiatu. Mwenzako aandike: nyasi inayoliwa, nyasi isiyoliwa, jamii ya ndago, mmea wenye majani mapana, au ardhi tupu. Mwishoni idadi ni asilimia moja kwa moja. Fanya mistari miwili au mitatu katika kila sehemu.

Ili ujue ipi ni ipi, nenda na mtoto anayechunga. Yeye anajua ng'ombe wanaacha nini. Katika mabonde ya huku nyasi bora za sehemu zenye maji ni mbili. Leersia hexandra ni nyembamba, hufanana na mpunga mdogo, na majani yake hukwaruza ngozi, lakini ng'ombe huingia maji ya tumboni kuifuata. Echinochloa pyramidalis ni ndefu kuliko mtu, huota sakafuni kwenye mafuriko, na huchipua tena haraka ikiliwa. Kwenye ukingo na miteremko utakuta ukoka, na pia Setaria sphacelata yenye shuke la kahawia kama mkia wa paka. Nyasi ndefu za kuezekea, Hyparrhenia rufa, ni chakula kizuri zikiwa changa, za kufika magotini. Zikishatoa mashuke huwa kama kuni.

Upande mbaya, ogopa Sporobolus pyramidalis, ile nyasi ngumu yenye shuke jembamba lililosimama, ambayo mnyama hukwepa. Ikizidi sana katika hesabu yako, bonde limeshalishwa kupita kiasi kwa muda mrefu. Vivyo hivyo nyasi kali zenye mashuke meupe kama pamba, Imperata cylindrica, ambazo hufuata moto wa kila mwaka na ardhi iliyochoka. Mmea wa jamii ya ndago unatambulika kwa shina: livingirishe kati ya vidole, ukihisi kingo tatu ni huo. Huliwa ukiwa mchanga, ukikomaa huachwa. Sakafu iliyo kijani kibichi kwa mbali, ukiikaribia ukakuta nusu yake ni ndago, ni malisho ya nusu. Na ukingoni angalia Lantana camara, kile kichaka cha maua ya rangi mbili. Ni sumu, na anayekufa mara nyingi ni mnyama mgeni aliyefika na njaa. Hilo liwahusu hasa waliopewa mifugo iliyotoka mbali.

Bonde linabeba ng'ombe wangapi?

Hapa ndipo ugomvi unapoanzia, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Tengeneza fremu ya vijiti, mita moja kwa mita moja. Itupe bila kuchagua mahali, mara kumi katika kila sehemu ya bonde. Ndani ya fremu kata zile nyasi tu ambazo ng'ombe anazila, hadi urefu wa ngumi moja kutoka chini. Zianike juani siku kadhaa mpaka zikatike kwa mlio, maana nyasi mbichi ni maji kwa sehemu kubwa na maji hayahesabiwi. Kisha pima.

Tuseme vipande kumi vimetoa kilo 2 za nyasi kavu. Wastani ni gramu 200 kwa mita ya mraba. Hekta ina mita za mraba 10,000, kwa hiyo ni kilo 2,000 kwa hekta, au kama kilo 800 kwa ekari. Usizihesabu zote. Nusu iache: nyingine hukanyagwa na kuchafuliwa, na iliyobaki ndiyo mizizi inayohitaji ili kuchipua mvua ikirudi. Umebaki na kilo 400 kwa ekari.

Ng'ombe wa kienyeji wa huku, mwenye nundu na mwili mdogo, ana kilo 200 hadi 250 akiwa mzima. Hula takriban kilo 2.5 za chakula kikavu kwa kila kilo 100 za uzito wake kwa siku. Tuweke kilo 6. Ekari moja basi humlisha ng'ombe mmoja siku 66. Kiangazi cha siku 90 kinahitaji kilo 540 kwa kila ng'ombe, yaani ekari moja na theluthi hivi.

Sasa chukua bonde la ekari 20 za namna hiyo. Lina kilo 8,000 za kuliwa. Linaweza kuwabeba ng'ombe 14 kutoka katikati ya Desemba hadi katikati ya Machi. Kijiji kikiingiza ng'ombe 60 siku moja, wanakula kilo 360 kwa siku, na nyasi zinakwisha baada ya siku 22. Hiyo ni wiki ya kwanza ya Januari, na mvua iko mbali. Kuanzia hapo wanyama wanakula nusu ile ya akiba, halafu mizizi, na mwaka unaofuata fremu yako itatoa gramu 150. Hivyo ndivyo Sporobolus inavyoingia.

Mbuzi wanane hadi kumi huhesabiwa kama ng'ombe mmoja, ingawa mbuzi hapendi bonde. Miguu yake huoza kwenye unyevu, na afadhali abaki vichakani. Ukingo wenye chemchemi unaweza kuchipua hata kiangazi, kwa hiyo huenda ukapata zaidi ya hesabu. Ihesabu faida hiyo ukiiona.

Wingi wa nyasi nao hautoshi kama zimezeeka. Protini ya nyasi ikishuka chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu vya tumbo la ng'ombe vinavyomeng'enya nyuzi hukosa nguvu. Ng'ombe hushiba na bado anakonda. Nyasi za mchanga na zile za kuezekea hufika hapo mapema kiangazini, ilhali Leersia na Echinochloa za sakafuni hukaa kijani zaidi. Mpangilio mzuri ni kulisha miteremko na mchanga kwanza, mvua inapoisha na nyasi zikiwa bado changa, kisha kushuka sakafuni kadiri inavyokauka, na kuuhifadhi ukingo wa chemchemi kwa Februari. Wengi hufanya kinyume, kwa kuwa ukingo uko karibu na nyumbani.

Mguu wa ng'ombe ndio kipimo cha siku ya kuingia. Alama ya kwato ikizama zaidi ya urefu wa kidole, subiri. Mfinyanzi uliokanyagwa ukiwa na maji hukauka kama matofali, na maji ya mwaka ujao hayaingii.

Magonjwa ya majini

Hesabu ya nyasi inaweza kuwa sahihi na ng'ombe akafa bado. Minyoo bapa ya ini, Fasciola gigantica, huishi kwanza ndani ya konokono mdogo wa maji yanayotulia, kisha hujibandika kwenye nyasi za ukingo wa maji. Ng'ombe anayefuata maji yanavyorudi nyuma ndiye anayezila. Utamwona anakonda polepole na kuvimba chini ya taya. Mnyweshe maji yaliyochotwa, au umtengenezee mahali pamoja pagumu pa kunywea, badala ya kumwacha azunguke ukingo wote. Dawa ya kawaida ya minyoo haiui kila hatua ya minyoo hii, kwa hiyo muulize afisa mifugo ipi inafaa na wakati gani.

Mbung'o wa mabonde na mito ya huku, Glossina fuscipes, hukaa kwenye vichaka vya kando ya maji. Huleta nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu, na ng'ombe anaweza kubeba vimelea vya malale akionekana mzima. Si bahati tu kwamba taasisi ya Afrika Mashariki ya kuchunguza magonjwa hayo iliwekwa Tororo, na Alupe ikawa na hospitali ya malale. Mtu aliyekaa na mifugo bondeni akipata homa isiyosikia dawa ya malaria, usingizi wa mchana au kuchanganyikiwa, apelekwe kituo cha afya na aseme wazi kwamba anachunga huko.

Katika wilaya ya Busia, Uganda, hasa pande za Tiira, kuna wachimbaji wadogo wa dhahabu, na uchimbaji mdogo hutumia zebaki kukamata dhahabu. Usinyweshe chini ya mahali wanapooshea mchanga. Na mashimo yaliyoachwa, yakifunikwa na nyasi, huvunja miguu.

Mpunga, mitaro na haki

Sakafu ya mfinyanzi inayofaa Echinochloa ndiyo hiyohiyo inayofaa mpunga. Mfano mkubwa ni Doho, katika wilaya ya Butaleja iliyokuwa sehemu ya Tororo hadi 2005, ambako maji ya mto Manafwa humwagilia takriban hekta 1,000. Mpunga huleta fedha, hilo halipingiki. Lakini anayelima sakafu huondoa nyasi za Januari na Februari, miezi ambayo juu hakuna kitu, na mabua ya mpunga anayobaki nayo ni chakula dhaifu. Mtaro wa kukausha unaokatwa katikati hufanya zaidi ya hapo. Hushusha maji ya ukingo, na visima vifupi vya majirani hukauka. Kabla ya kukubali jaruba la kwanza, hesabuni kilo zitakazopotea na nani anazitegemea.

Kisheria, upande wa Uganda, Katiba ya 1995, ibara ya 237, inaiweka ardhi oevu chini ya dhamana ya serikali kwa manufaa ya wananchi wote. Hakuna anayeweza kukuuzia. Kanuni za mwaka 2000 za ardhi oevu zinaruhusu matumizi ya jadi kama kukata mafunjo na kuteka maji ya nyumbani bila kibali, na kilimo kisichozidi asilimia 25 ya ardhi oevu husika. Kuchimba mitaro ya kukausha ni jambo la kibali. Kenya ina sheria yake ya mazingira ya 1999 na kanuni za ardhi oevu za 2009, na NEMA ya kila nchi ndiyo yenye kauli. Mkimbizi aliyepewa kiwanja katika makazi ya Uganda ana haki ya kukitumia, hana haki ya kukiuza, na kiwanja hicho hakimpi bonde lililo chini yake.

Nenda basi kwa mwenyekiti wa LC1, na ndani ya makazi uende pamoja na kiongozi wa RWC wa mtaa wako. Upande wa Kenya anza na mzee wa mtaa na chifu msaidizi. Peleka karatasi ya hesabu yako: ekari za kila sehemu, kilo, idadi ya ng'ombe. Mazungumzo ya "nyinyi wageni mmetumalizia nyasi" hubadilika pakiwa na namba mezani, maana mara nyingi namba huonyesha bonde lilikuwa limezidiwa kabla mgeni hajafika. Andikeni ni ng'ombe wangapi kwa kila kaya, nani anakagua kwato kabla ya siku ya kuingia, wapi pa kunywea, na ukingo upi unafungwa hadi Februari. Wakata mafunjo na kina mama wanaoteka maji wawepo kikaoni, kwa sababu bonde ni lao pia.

Na kama nyasi zimekwisha upande wako, na ndugu ng'ambo ya Sio au Malaba amekubali kuwapokea wanyama, pata kwanza hati ya kusafirisha mifugo kwa daktari wa mifugo wa serikali. Uliza pia kama kuna karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo. Mnyama aliyevushwa usiku bila hati anaweza kukamatwa, na akileta ugonjwa, minada ya pande zote mbili itafungwa.